Tajiri na Lazaro (Luka 16): Yesu alikuwa anatuonyesha ahera ilivyo, au ni mfano tu? Naomba msaada wenu

#1 Mwana wa Mufindi

Wakuu habari za jioni. Nina jambo limenikaa kifuani na hapa kijijini sina wa kumuuliza bila kuamsha ugomvi.

Baba yangu mdogo alifariki wiki tano zilizopita, tukamzika nyumbani, nje kidogo ya Mafinga. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu wa kujiweza kwa kiwango cha kwetu, na kanisani alikuwa haonekani kwa miaka mingi. Siku ya mazishi mhubiri alisoma Luka 16 kuanzia mstari wa 19: tajiri anakula kwa anasa kila siku, maskini Lazaro amelazwa mlangoni pake akitamani makombo. Wote wawili wanakufa. Lazaro yuko kifuani kwa Ibrahimu, tajiri yuko kuzimu, anaomba Lazaro atumwe na maji, anaambiwa kuna shimo kubwa katikati; anaomba basi ndugu zake watano waonywe, anakataliwa. Alipofika pale tajiri anaposema "ninateswa katika moto huu" akafunga Biblia, akalitazama jeneza, akasema ndugu yenu huyu muda huu anaomba maji na hakuna wa kumpa. Watu waliguna. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele kabisa.

Tangu siku hiyo mama mdogo anaamka alfajiri, na baridi ya Mufindi mnaijua. Anachota maji kwa kikombe cha bati ambacho marehemu alikuwa akinywea chai, anaenda kaburini, anayamimina upande wa kichwa. Kila siku. Hasemi na mtu. Udongo wa upande ule umelowa mpaka umeanza kutitia.

Swali langu ni hili: huu mfano unatueleza kweli mtu akifa anakwenda wapi na anajisikiaje? Au Yesu alikuwa anafundisha jambo jingine kabisa? Nataka nimwambie mama kitu cha kweli. Maneno ya kumbembeleza amekwishapewa ya kutosha.

#2 Sabato Njema

Pole sana mkuu. Kwangu jibu ni fupi. Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote. Zaburi 146:4, pumzi ikimtoka mtu mawazo yake yanapotea siku hiyo hiyo. Yesu alisema Lazaro mwingine, yule wa Bethania aliyemfufua, "amelala" (Yohana 11:11), na huyo aliyekaa kaburini siku nne, alipotoka, hatusomi popote kwamba alisimulia moto wala bustani.

Mafarisayo, lile kundi la Wayahudi washika torati, walikuwa na masimulizi yao ya kuzimu. Yesu akachukua simulizi wanalolijua akawageuzia. Baba yako mdogo amelala, anangoja ufufuo. Hana kiu. Mwambie mama apumzike.

#3 Neno Halipingwi

#2 usipotoshe watu. Luka hajaandika mahali popote kwamba huu ni mfano. Mifano ya Yesu haina majina ya watu: mpanzi, mchungaji, mwanamke mwenye shilingi kumi. Hapa kuna jina, Lazaro. Yesu anasimulia tukio. Moto upo, mateso yapo, shimo kubwa lipo. Pole kwa msiba mleta mada, lakini huruma isitufanye tufiche Neno.

#4 Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Pole mwanangu kwa msiba.

Nimrekebishe kidogo #3. Ni kweli, ukimwacha Ibrahimu, Lazaro ndiye mtu pekee mwenye jina katika mifano ya Yesu, na hilo ni jambo la kulitafakari. Lakini hoja ya kwamba Luka hakuandika neno "mfano" haisimami. Fungua mstari wa kwanza wa sura hiyo hiyo, mfano wa wakili dhalimu: "Palikuwa na mtu mmoja, tajiri". Rudi mstari wa 19: "Palikuwa na mtu mmoja, tajiri". Ni mlango ule ule wa kuingilia hadithi. Kuna hata hati moja ya kale ya Kigiriki, ile inayoitwa Codex Bezae, ambayo mnakili wake aliongeza kabisa kwamba Yesu alisema mfano mwingine. Maana yake watu wa zamani waliusoma hivyo.

Na jina lenyewe lina kazi. Lazaro ni Eleazari, yaani "Mungu amesaidia". Mtu ambaye hakuna binadamu aliyemsaidia anaitwa Mungu Amesaidia.

#5 Binti wa Ukerewe

Pole kaka. Hicho kikombe cha bati kimenitoa machozi. Naweka kambi hapa.

#6 Fundi Saa

Naongeza jambo ambalo wengi hawalijui. Misri kulikuwa na hadithi ya mwana wa mfalme, Setne, na mwanawe Si-Osire. Wako Memphis, wanaona mazishi mawili. Tajiri anapelekwa kwa heshima na vilio. Maskini amefungwa kwenye mkeka, hana hata mtu mmoja nyuma yake. Setne anasema, laiti nami ningezikwa kama yule tajiri. Mtoto anamjibu, baba, nakuombea yakupate ya yule maskini. Kisha anampeleka kuzimu kwa Wamisri, Amente. Maskini wamemkuta amevaa kitani cha kifalme karibu na Osiri, mungu wao wa wafu. Tajiri wamemkuta bawaba ya mlango imekitwa katika jicho lake la kulia, na mlango unafunguliwa na kufungwa juu yake.

Mwaka 1918 Mjerumani Hugo Gressmann aliandika kwamba mfano wa Luka una mzizi kwenye hadithi hiyo. Wayahudi nao wanayo ya kwao katika Talmudi ya Yerusalemu, kitabu cha mafundisho ya marabi: mtoza ushuru tajiri na msomi mcha Mungu wanakufa pamoja. Tajiri anaonekana ukingoni mwa mto, ulimi nje, anajaribu kuyafikia maji na hayafikii.

Kwa hiyo #2 ana hoja, simulizi za namna hii zilikuwa zinazunguka.

#7 Neno Halipingwi

Kwa hiyo Bwana Yesu alikuwa anaazima hadithi za wapagani? Mkuu, fikiri unachoandika.

#8 Fundi Saa

Sijasema hivyo. Ninasema msikilizaji anayeijua hadithi ndiye anayeshtuka ikipindishwa. Angalia ilipopindishwa. Kwa Wamisri matendo yanapimwa: huyu mema yake yamezidi, yule maovu. Kwa Luka hakuna mizani. Hatuambiwi Lazaro alisali hata mara moja. Hatuambiwi tajiri aliiba, alizini au aliua. Tunaambiwa tu alivaa zambarau, akala kwa anasa, na kuna mtu alikuwa mlangoni pake.

Zambarau yenyewe si rangi ya mchezo. Ilitoka kwenye konokono wa baharini. Mwaka 1909 mkemia Friedländer alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 za rangi. Hiyo ndiyo nguo ya kila siku ya huyu bwana.

#9 Mama Neema wa Ilala

Fundi Saa, saa za watu unatengeneza muda gani na haya yote unayasoma lini? 😄 Endelea lakini, tunajifunza.

Mleta mada, pole mwanangu. Mimi nalia na huyo mhubiri. Mwaka wa msiba wa kaka yangu tulifanyiwa hivyo hivyo. Mhubiri hakumjua marehemu, aliulizia jina dakika kumi kabla ya ibada, halafu akamtupa motoni mbele ya watoto wake. Mpwa wangu alikuwa na miaka tisa. Sasa hivi ana ishirini na sita na hajakanyaga kanisani tangu hapo. Kwa mafundisho yao wenyewe, huyo mtoto akipotea atadaiwa nani?

#10 Abu Swafaa wa Tanga

Assalaam aleikum. Mimi Muislamu, mniruhusu kuchangia kwa adabu, maana nimeona jambo.

Katika Qur'ani, Surat Al-A'raf aya ya 50, watu wa Motoni wanawaita watu wa Peponi wawamiminie maji, au chochote walichoruzukiwa na Mwenyezi Mungu, wanajibiwa kwamba vimeharamishwa kwa makafiri. Na aya ya 46 inataja pazia baina ya makundi hayo mawili. Nilipousoma huo mfano wenu hapa nilihisi naujua. Ombi ni lile lile, maji.

Ama baina ya kufa na Kiyama sisi tuna barzakh, kizuizi (23:100). Hakuna kurudi. Lakini babu yangu alikuwa akisema, aliyehai hana ruhusa ya kumtaja maiti kwa jina na kumpangia makazi, hiyo si kazi yake. Mleta mada, Mwenyezi Mungu ampe subira mama yako.

#11 Mwalimu wa Zamu

Bandiko #10 limenigusa. Sasa tuje kwenye lugha, nadhani nusu ya ugomvi wetu iko hapo.

Sisi Waswahili tuna maneno matatu tunayoyachanganya kama uji. Kuzimu, jehanum, ahera. Jehanum na ahera tumeyapata kupitia Kiarabu. Kuzimu ni letu wenyewe: ku-zimu, huko waliko mizimu. Hata kabla ya wamisionari bibi zetu walijua kuzimu ni kwa waliotangulia, wazuri na wabaya, mtu haendi huko kwa kuwa ni mwovu.

Katika Kigiriki Luka 16:23 imeandikwa hades, ambayo nayo ilikuwa ni kwa wafu wote, kama Sheoli ya Kiebrania. Wafasiri wa Biblia ya Union, ile ya 1952, wakaweka "kuzimu", na nadhani walichagua vizuri sana. Jehanum wameiweka kwingine, mfano Mathayo 5:22, ambako Kigiriki kina gehena. Ni maneno mawili, sehemu mbili. Na Ufunuo 20:14 inasema kuzimu yenyewe itatupwa katika ziwa la moto. Kama kuzimu inatupwa motoni, basi kuzimu haiwezi kuwa ndiyo huo moto wa mwisho. Mhubiri wa Mafinga alisoma kuzimu akahubiri jehanum.

#12 Kijana wa Kariakoo

Na hiyo gehena ilikuwa jalala la Yerusalemu tu, takataka zinachomwa usiku na mchana, ndiyo maana Yesu akaitumia kama mfano. Nilisikia redioni. Kwa hiyo moto wa milele haupo, ni jalala.

#13 Mwalimu wa Zamu

Hiyo ya jalala inarudiwa sana lakini msingi wake ni mwembamba. Anayejulikana kuisema mapema ni Rabi David Kimhi, karibu mwaka 1200 hivi, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu, na wachimbaji hawajapata ushahidi wa jalala la kuwaka daima pale. Kilicho wazi ni Bonde la Hinomu lenyewe, kusini mwa mji, ambako watoto walichomwa kama sadaka. Soma Yeremia 7:31 na 2 Wafalme 23:10. Neno linanuka damu ya watoto. Kwa masikio ya Myahudi hilo ni zito kuliko takataka.

#14 Kijana wa Kariakoo

Sawa mwalimu, nimepokea.

#15 Usharika wa Mlimani

Mimi Mlutheri. Niseme ambalo hata wenzangu wengi hawalijui: Luther mwenyewe mara nyingi alizungumzia kifo kama usingizi. Na alipouhubiri mfano huu, miaka ya 1520, alisema kifua cha Ibrahimu ni Neno la Mungu, ahadi ambayo waamini wanalalia, na moto wa tajiri aliuelewa kama dhamiri inayomuunguza mtu. Kalvini akaja akaandika kitabu kizima kupinga habari ya roho kulala. Kwa hiyo baba wawili wa matengenezo hawakusikilizana. Sisi tunagombana hapa kana kwamba jambo lilikwisha zamani.

#16 Sabato Njema

Asante #15.

#17 Usharika wa Mlimani

Usishukuru haraka, ndugu yangu 😄. Kuna mistari inakusumbua na wewe. Nabii Samweli, aliyekwisha kufa, anapandishwa na mganga wa Endori, anamuuliza mfalme Sauli mbona umenitaabisha (1 Samweli 28). Musa anamtokea Yesu mlimani pamoja na Eliya. Paulo anatamani kwenda zake akae na Kristo (Wafilipi 1:23), hasemi akalale. Na mnyang'anyi msalabani, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi".

#18 Sabato Njema

Yule wa Endori hakuwa Samweli, ilikuwa roho danganyifu; Mungu alikuwa amekataa kumjibu Sauli kwa njia zote, atamjibu kwa mganga? Musa alifufuliwa, soma Yuda 9 habari ya mwili wake. Ya mnyang'anyi, hati za kwanza za Kigiriki hazikuwa na alama za mkato. Inaweza kusomeka "nakuambia leo hivi, utakuwa pamoja nami". Lakini nakiri ya Wafilipi inahitaji maelezo marefu kidogo.

#19 Malindi Kwetu

Hamjambo ndugu zangu wa Bara. Mimi niko Malindi, Kenya. Nimefuata huu uzi tangu mwanzo na nimekuwa nikijizuia kuandika.

Mwaka wa 2023 hapa kwetu Kilifi, msitu wa Shakahola, watu waliambiwa dunia inakwisha, wafunge mpaka wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mimi ninauza maji ya chupa na soda karibu na barabara. Siku zile magari yalikuwa yakipita na walioponea, na mmoja alishushwa apate hewa, kijana mdogo, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Nilimpa maji, akayaangalia, akauliza kama ni dhambi.

Uganda nao walipata yao Kanungu, Machi 2000, kanisa likateketea na watu ndani, mamia. Kwa hivyo mtu akisema "haya ni mambo ya kufasiri tu, kila mtu na yake", mimi siwezi kukubali. Kuna fasiri inayoua. Huyo mhubiri wenu alisema sentensi moja, na mama wa watu yuko makaburini alfajiri na kikombe.

#20 Binti wa Ukerewe

Malindi Kwetu, Mungu akubariki kwa yale maji. Yule kijana alikunywa?

#21 Malindi Kwetu

Alikunywa, dada. Polepole.

#22 Neno Halipingwi

Nimesoma #19 na nimenyamaza kwanza. Sitetei ya Shakahola hata kidogo, wala sitetei kunyooshea jeneza kidole. Waebrania 9:27 inasema baada ya kufa hukumu, na hukumu si ya mhubiri. Lakini bado nashikilia kwamba Yesu hakutumia mateso kama pambo la hadithi. Kama hakuna kitu upande ule, kwa nini tajiri ahangaike na ndugu zake watano?

#23 Katekista Mstaafu

Hapo umesema neno zuri, mwanangu. Na hao ndugu watano wamewasumbua wafasiri kweli kweli. Wapo wanaosema tajiri ni Yuda, kwa kuwa Yuda alikuwa na ndugu watano wa tumbo moja, watoto wa Lea (Mwanzo 35:23), na Lazaro ni mataifa, kama Eliezeri wa Dameski aliyekuwa nyumbani kwa Ibrahimu. Wapo wanaosema ni Kayafa kuhani mkuu, maana mkwewe Anasi alikuwa na wana watano na wote walipata ukuhani mkuu, Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, ameliandika hilo. Nguo za zambarau na kitani pia ni za kikuhani. Na mwisho wa mfano, kwamba hawatashawishwa hata mtu akifufuka katika wafu: Lazaro wa Bethania alipofufuka, wakuu wa makuhani walishauriana wamwue na yeye (Yohana 12:10).

Mimi siegemei upande wowote kati ya hizo. Ila ya Kayafa inanivuta.

#24 Fundi Saa

Ya Kayafa nzuri, lakini kumbuka Luka anasema waliokuwa wakisikiliza na kudhihaki ni Mafarisayo wapenda fedha (16:14). Makuhani wakuu walikuwa Masadukayo, ambao hawakuamini ufufuo kabisa. Kwa hiyo kama mfano unawalenga akina Kayafa, tajiri Sadukayo anaamka mahali ambapo alisema hapapo. Inawezekana, lakini Luka hajasema.

Na tahadhari: mtandaoni mtu akikuletea hotuba ya Yosefo kuhusu kuzimu yenye kifua cha Ibrahimu na shimo kubwa, usiitumie kama ushahidi wa imani ya Wayahudi wakati wa Yesu. Wasomi wanaiona ni kazi ya Mkristo, Hippolito wa Roma, aliyekuja baadaye.

#25 Mama Neema wa Ilala

Samahani, natoka nje ya mada kidogo, swali limenijia nikiwa napika. Tajiri wa Luka kahukumiwa kwa sababu hakugawa. Sasa wale wanawali kumi wa Mathayo 25, waliokuwa wakimngoja bwana harusi na taa zao, watano wenye busara waliombwa mafuta na wale watano wapumbavu wakakataa, na wao wakaingia harusini! Aliyenyima huyu yuko motoni, walionyima wale wanacheza ngoma. Nisaidieni.

#26 Kijana wa Kariakoo

Mama umeua 😄 hili sijawahi kuliona.

#27 Usharika wa Mlimani

Kwetu tunafundishwa mafuta ni imani au Roho Mtakatifu, kitu ambacho mtu hawezi kumwazima jirani. Huwezi kumwamini Mungu kwa niaba yangu.

#28 Mwalimu wa Zamu

Kwanza zile "taa". Kigiriki ni lampades, na neno hilo mara nyingi ni mwenge, tambara limefungwa kwenye mti na kuchovywa mafuta. Mwenge hauwaki muda mrefu, lazima uchovye tena na tena. Nimekulia Njombe, harusi zetu zilikuwa za usiku na tulitumwa watoto na vibatari kumulika njia. Bwana harusi alichelewa, gari limekwama kwenye matope. Niliangalia utambi wangu ukigeuka mwekundu, unatoa moshi, unazima. Nikamuomba binamu yangu mafuta ya taa kidogo. Alitikisa kibatari chake sikioni asikie kilichobaki, akasema tukigawana tutazima wote na bibi harusi ataanguka. Nilimchukia mwaka mzima. Nilipokuja kusoma Mathayo 25 nikamwelewa: mwangaza haukuwa wake, ulikuwa wa bibi harusi.

#29 Katekista Mstaafu

Mwalimu, hiyo nitaisimulia kigangoni kwetu, kwa ruhusa yako.

Yohane Krisostomo, mhubiri wa kale wa Kanisa, analo jibu ambalo linaunganisha mifano yote miwili. Alihubiri mfululizo wa mahubiri saba juu ya Lazaro kule Antiokia, karibu mwaka 388. Alisema kutowashirikisha maskini mali yako nako ni wizi. Na alipofika kwa wanawali, alisema mafuta ni sadaka na huruma kwa maskini. Na wale wauzao mafuta, ambao wanawali wapumbavu wanaambiwa waende kununua kwao, ni nani? Akasema ni maskini wenyewe. Duka lao liko wazi hapa duniani tu. Sasa rudi Luka: muuza mafuta alikuwa amelala mlangoni kwa tajiri, na tajiri hakununua.

#30 Neno Halipingwi

Hii ya duka nimeipenda. Lakini Katekista, ninyi mnawaombea marehemu, na shimo kubwa limewekwa ili watu wasivuke. Unaliwekaje hilo?

#31 Katekista Mstaafu

Tunawaombea, ndiyo, na hatuoni aibu; 2 Wamakabayo 12 inasifu jambo hilo, najua kitabu hicho hamna kwenye Biblia yenu. Shimo ni kati ya Ibrahimu na yule tajiri. Sijasoma kwamba Mungu naye limemzuia. Na mpenzi, soma Ibrahimu anavyomwita mtu aliye kwenye moto: "Mwanangu". Hajamkana. Origene wa Aleksandria, mwalimu wa kale wa Kanisa, alikwenda mbali akasema mwisho wa yote wote watarejea kwa Mungu, Kanisa halikumfuata huko, nami simfuati. Lakini lile "Mwanangu" sitalifuta.

#32 Abu Swafaa wa Tanga

Naomba kuuliza wajuzi: "kifuani kwa Ibrahimu" maana yake nini hasa? Ni mahali?

#33 Mwalimu wa Zamu

Sheikh, wengi wanafundisha ni jina la mahali, lakini picha yake ni ya mezani. Karamuni walikula wameegama kwa ubavu, mmoja mbele ya mwingine, hivyo aliye karibu na mwenye karamu kichwa chake kiko kifuani pake. Ndiyo maana Yohana 13:23 mwanafunzi mpendwa ameegama kifuani pa Yesu wakati wa kula. Lazaro aliyekuwa akitamani makombo amewekwa kiti cha mgeni wa heshima, chakula kiko mbele yake. Na tajiri anaiona karamu kwa mbali, kama Lazaro alivyokuwa akiiona kutoka langoni.

Na angalia jambo moja zaidi. Tajiri anasema "umtume Lazaro". Alikuwa anamjua kwa jina. Siku zote zile.

#34 Binti wa Ukerewe

Hilo la jina limenikata maini. Tuna mlinzi getini hapa tunapopanga, mwaka wa pili sasa, tunamwita "mlinzi". Nimetoka nje sasa hivi kumuuliza. Anaitwa Yohana.

#35 Mwana wa Mufindi

Wakuu nimerudi. Samahani, mtandao huku unakuja na kuondoka, na jana tulikuwa na mvua. Nimesoma yote. Asanteni, kila mmoja.

Jana jioni nilikaa na mama mdogo jikoni, moto unawaka, nikamsomea. Nilianza na bandiko la Sabato Njema, kwamba wafu hawana kiu. Akasikiliza, akaongeza kuni. Nikamsomea ya Mwalimu, kuzimu na jehanum. Akasema bibi yake naye alikuwa akimimina maji chini ya mti kwa ajili ya waliotangulia, na mchungaji wa siku hizo akawakataza. Kumbe hilo la maji hakulitoa kwa mhubiri peke yake. Nikamsomea ya Katekista, "Mwanangu", akaniambia rudia. Nikarudia mara tatu.

Nilipomsomea ya Malindi alivuta kanga akajifunika uso.

Halafu nikamsomea sura yenyewe, Luka 16, yote, polepole, bila maelezo. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu. Alisema: hapo pameandikwa tajiri akafa, akazikwa. Huyo maskini wameandika amekufa, akachukuliwa na malaika. Yeye walimzika wapi?

Nilikuwa sijawahi kuona. Nikatafuta tena kwenye simu, kweli haipo. Nimeshindwa kumjibu.

Leo asubuhi amekwenda tena na kikombe. Nilimfuata. Alimimina nusu pale anapomimina siku zote. Nusu nyingine alitembea nayo mpaka mwisho wa makaburi, kwenye lile tuta lisilo na msalaba, kibarua mmoja wa kiwanda cha mbao aliyezikwa hapo zamani, hakuna anayekumbuka kwao ni wapi. Akamimina hapo.

Sabato Njema, unisaidie hilo swali lake.

#36 Fundi Saa

Katika ile ya Misri alifungwa kwenye mkeka. Kwa Luka hakuna hata mkeka.

#37 Sabato Njema

Nimefungua sura hiyo tangu saa mbili usiku, nimepitia na tafsiri nyingine tatu. Mwana wa Mufindi, mpe mama salamu zangu. Kwa hilo sina andiko.